Ukuta Unaoteka

Nkatha alikuwa na maradhi yasiyo na dawa hospitalini wala kwa mganga: kutaka kujua. Tangu utotoni kwao Meru, redio ikikohoa yeye ndiye aliyeifungua, na mara nyingine haikufungika tena. Alipohamishiwa Lamu kufundisha kemia, wenzake walikimbilia vyumba vipya vyenye vigae na mabomba yanayojulikana yatokako. Yeye akapanga nyumba kongwe ya mawe kule Mkomani, kwa sababu alipoingia kuitazama alikuta samaki bafuni.

Si samaki wa kupika. Walikuwa wadogo, wembamba, wanaishi ndani ya birika, yaani lile tangi la mawe na chokaa lililojengwa pembeni mwa bafu, ambamo mtu huchota maji kwa kata akaogea nje yake. Kazi ya samaki ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika palikuwa na bakuli la kaure lililozamishwa katika chokaa, ili maji yakipungua samaki wabaki na kidimbwi chao. Nkatha alilichungulia bakuli lile, akafikiri juu ya mtu wa kwanza aliyewaza habari ya samaki siku ya maji kukatika, na pale pale akaamua kwamba nyumba ni hii.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Umulkheir, mwanamke mzee aliyehamia Wiyoni kwa mwanawe Fahmi baada ya magoti kugoma kupanda ngazi. Siku ya kukabidhi funguo alikuja mwenyewe, pole pole na bakora yake, akatoa masharti. Msumari usipigwe kwenye plasta ya nakshi. Samaki wasitiwe dawa. Sharti la tatu alilitoa wakiwa bafuni, kiganja chake kimelala juu ya ukuta ulio nyuma ya birika.

"Na ukuta huu, mwanangu, ukiteka, usiuguse. Nambie mimi kwanda. Mimi, si Fahmi. Ukuta huu ukibomolewa, na mimi nimebomoka."

Kisha akatoka hadi ukumbini, akageuka, akasema, "Ndoo."

Nkatha akakimbia akaleta ndoo. Bi Umulkheir aliitazama ile plastiki nyekundu, akamtazama aliyeishika, akacheka hadi akaegemea mlango. Kwa watu wa Amu, yaani Lamu, ndoo ni njoo. Bibi wa watu alikuwa anamwita tu aje aone dirisha linalokwama. Nkatha naye alicheka, akalishika neno hilo, na kuanzia siku ile akajiona Kiamu ameshakiweza. Hapo ndipo alipojikwaa.

Maana neno "kuteka" hakuliuliza. La kuuliza nini? Kuteka ni kuteka maji, kisimani au mtoni, kila mtoto anajua. Ukuta ukiteka, basi, ni ukuta ukivuta maji, na nyumba za mawe ya pwani zina sifa hiyo. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa, bibi akaenda zake.

Ramadhani ilipita, na baada ya Idi ukuta ukaanza.

Kwanza lilikuwa doa la ukubwa wa sahani, juu kidogo ya ukingo wa birika. Likapanuka, likawa la rangi ya chai, chokaa ikaanza kubanduka na kudondoka majini, samaki wakiishambulia wakidhani ni chakula. Mtu mwingine angelalamika. Nkatha alileta kiti akakaa mbele yake. Alifunga mifereji yote, akapanda juu kutazama mita, mita haikutikisika. Alitia rangi ya keki, ile nyekundu, ndani ya tangi la juu ya paa, akafungulia bomba la bafuni ndani ya ndoo ili samaki wasipate tabu, likatoa maji kama sharubati. Ukuta haukubadilika rangi hata chembe. Maji yaliyokuwa yakiulowesha hayakuwa ya bomba lake.

Kuna jambo jingine lililomkosesha usingizi zaidi ya hilo. Doa lilikuwa na siku yake. Ijumaa mchana lilikuwa bichi, linang'aa. Kufikia katikati ya wiki limekauka, limeacha utando mweupe wa chumvi. Ijumaa ikirudi, na lenyewe limerudi. Bomba gani la ulimwengu huu linaloijua Ijumaa?

Fahmi alikuja kuchukua kodi akaliona. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, ndevu zimeanza mvi, na simu isiyonyamaza.

"Ningemwambia Bi Umulkheir," Nkatha alisema.

"Usimsumbue Mama, Mwalimu. Presha yake tunaijua sisi."

"Basi nyuma ya ukuta huu kuna nini? Labda tungeuliza huko."

Fahmi aliishusha simu. "Huko hatuulizi. Huko ni kwa Bi Saadiya, dada yake Mama, mkubwa wake. Hawasemezani tangu mimi nanyonya. Wakikutana kwenye msiba, huyu anakaa pembe hii, yule pembe ile, na sisi watoto tunabeba salamu ambazo hakuna aliyezituma."

"Kisa?"

"Sote tungependa kujua," Fahmi akasema, akaenda kumwita fundi.

Fundi alikuwa Wanyama, mtu wa bara aliyekaa Lamu miaka mingi, mcheshi, mwenye nyundo aliyoipenda kupita kiasi. Aliugonga ukuta, akautegea sikio, akatoa hukumu. "Madam, hii ukuta imechoka. Ndani kuna paipu ya zamani imeoza. Tunabomoa hii upande yote, tunajaza saruji, tunapiga tiles. Utaoga kama uko hoteli." Fahmi akakubali, wakapanga iwe Ijumaa asubuhi.

Nkatha alibaki na jambo lililomkaa kooni. Mama wa watu alishika ukuta ule kwa kiganja akasema, ukibomolewa na mimi nimebomoka. Maneno hayo mtu hayasemi juu ya chokaa na mawe tu. Na alisema aambiwe yeye, si Fahmi. Alhamisi, alipotoka shule, Nkatha akapiga simu Wiyoni, akijiona kama anayemsengenya mtu.

"Shikamoo, Bi. Uliniambia nikujulishe. Ukuta unateka."

Bi Umulkheir akalirudia neno.

"Wateka?"

"Unateka, Bi. Sana. Hasa Ijumaa."

"Una yakini, mwanangu? Si upepo? Si panya?"

"Nina yakini. Tangu baada ya Idi."

"Subhanallah. Tangu Idi, na mimi nimekaa huku Wiyoni nala na kulala." Sauti ya bibi ilikuwa inatetemeka, lakini si kwa huzuni. "Asiuguse mtu. Kesho nakuya."

Nkatha alikata simu akabaki ameishika. Amewaona watu wengi wakiambiwa nyumba zao zinavuja. Hajapata kumwona aliyefurahi.

Asubuhi ya pili Bi Umulkheir aliingia na Fahmi nyuma yake, uso wa Fahmi umekunjamana, kwa kuwa siri ya simu ilikuwa imefichuka na safari yenyewe ilikuwa imechukua punda mmoja na malumbano mengi. Wanyama alikuwa ameshafika, amekaa ngazini na nyundo mapajani. Bibi hakumtazama mtu. Alivua buibui, Nkatha akalitundika. Chini yake alikuwa amevaa nguo za Idi, ananukia udi, na mkononi ana sahani ya visheti iliyofunikwa kawa. Nkatha alidhani ni vyake yeye, akanyoosha mikono kupokea. Bibi akaisogeza sahani kando kwa adabu, akaiweka kwenye kidaka, kijishubaka cha ukutani.

Wakaingia bafuni. Bi Umulkheir aliketi kwenye kibao kando ya birika, akaweka shavu ukutani, akafumba macho. Fahmi alitaka kusema, mamake akamnyamazisha kwa kidole. Wakasikiliza wote. Kilichosikika ni bomba likidondosha tone, na Wanyama akijikuna.

"Mbona umenyamaa?" bibi akauliza, bado amefumba macho.

"Nani, Bi?"

"Ukuta. Umenambia wateka."

"Si huu hapa?" Nkatha akaonyesha doa. "Unateka maji. Tazama, mpaka hapa juu."

Bi Umulkheir alifumbua macho. Aliliangalia doa, kisha akamwangalia Nkatha, na furaha yote aliyokuja nayo kutoka Wiyoni ikamtoka usoni. Ni Fahmi aliyeelewa kwanza, akajipiga paji la uso.

"Mwalimu, kuteka kwetu ni kucheka. Mtu akifurahi, yuateka."

"Lakini kuteka maji..."

"Hilo ni jingine. Ulimi hauendi pahali pamoja. La kucheka, ulimi wagusa meno. La maji, ulimi warudi nyuma." Akayasema yote mawili. Nkatha akayasikia yote mawili neno moja, akataka ardhi immeze. Alikuwa amemtoa mwanamke mzee kitandani, akampandisha punda, akamvisha nguo za Idi, kwa sababu ya herufi moja ambayo tofauti yake sikio lake halikuisikia.

"Nisamehe, Bi," akasema. "Sikujua. Wallahi sikujua." Hata kiapo kilimtoka cha Waislamu, wenyeji wake.

"Huna kosa. Hata mimi nilipaswa kuuliza." Bibi aliupapasa ukuta kama anavyopapaswa mtoto mgonjwa. "Baba yetu alitujengea nyumba hizi mbili, mtu na yake, tulipoolewa, ndio ada yetu. Lakini kisima kilikuwa kimoya tu, kwa Saadiya. Baba hakutaka nitoke na mtungi ndiani kila siku. Akapitisha ndia ya mai ndani ya ukuta. Asubuhi Saadiya akiteka kisimani humimina kule, mai yakaya hapa birikani. Na yakiya, yalikuwa na sauti. Kwi kwi kwi. Tukasema, ukuta wateka. Nami najua dada yangu ameamka salama. Ndia ile ile tulikuwa tukisemezana. Mimi huweka mdomo hapa, yeye sikio kule."

"Ikawaje?" Nkatha aliuliza, ingawa hakuwa na haki ya kuuliza lolote.

"Mai ya bomba yakaya mjini. Nami nikataka bomba, nani asotaka? Mafundi waliingia, mimi nikakaa juu na mtoto, huyu Fahmi. Walipotoka, nina bomba langu. Kesho yake ukuta haukuteka. Wala kesho kutwa. Nikainama hapa ukingoni, sikupapasa, nikamwita, Saadiya, Saadiya. Hakuniitika. Nikasema, haya, ameona nina bomba, hanitaki tena. Na mimi nina kiburi, hili nalisema mbele ya wageni. Nikangoja aanze yeye. Kila mpangaji nilimwambia neno lile lile nililokwambia weye. Nikadhani kabla ya kufa nitausikia tena."

Fahmi alikuwa ametazama sakafu. Yumkini ndiyo mara yake ya kwanza kukijua kisa. Alimshika mamake bega, akasema kwa upole, "Mama, umengoja vya kutosha. Mimi naenda kujitayarisha kwa sala. Fundi, endelea."

Bi Umulkheir aliuondoa mkono ukutani, akauweka mapajani. "Bomoeni," akasema.

Fahmi akatoka. Wanyama akainuka na nyundo yake, ila safari hii hakuonekana kuifurahia. Na Nkatha, aliyekuwa ameshafanya kosa moja kubwa asubuhi ile, pale ambapo mtu mwenye busara angefunga mdomo, alihisi yale maradhi yake yanampanda tena.

"Ngoja, fundi. Bi, kisima bado kipo?"

"Kipo. Kiende wapi?"

"Maji ya ukuta huu si ya bomba. Nimeyapima. Yanatoka upande wa pili, na yanakuja Ijumaa peke yake."

Bibi aliinua uso. "Siku gani?"

"Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Kila Ijumaa."

"Ijumaa alikuwa akinizidishia," Bi Umulkheir akasema pole pole. "Ya kuoga, ya sala. Au tangu Idi ameanza tena?"

Nkatha hakungoja zaidi. Alichota samaki kwa kata, wakiruka na kupinga, akawatia ndani ya ndoo nyekundu pamoja na maji yao. Alikunja sketi ya kwendea shule, akaingia ndani ya birika, maji yakamfika mapajani. "Mdomo wa njia uko wapi, Bi?"

"Tini ya ukingo, upande wa ndani. Hauonekani, wapapaswa tu. Waingia mkono mzima."

Nkatha akapapasa chini ya ukingo, kushoto, kulia, mpaka vidole vikafika mahali ambapo chokaa mbovu inakwisha na kitu kigumu, laini, kinaanza. Kilikuwa mviringo, upana wa kiganja.

"Haupo," akasema. "Umezibwa."

Wanyama aliweka nyundo chini, akainama naye akaingiza mkono. Akagusa, kisha akagusa saruji iliyoshika bomba pale juu, kisha akarudi chini. "Hii ni simiti moja, Madam. Ile iliweka bomba ndiyo iliziba hii tundu. Huyo fundi alikuwa na simiti imebaki, akaona shimo, akafunga. Hata mimi ningefunga. Nani angeniambia ni ya kuongea?"

Bi Umulkheir alikuwa anatazama bomba lake kama ndiyo kwanza analiona.

"Basi siku ile nilipomwita..."

"Hakukusikia, Bi," Nkatha alisema. "Wala yeye akimimina, maji hayakupita. Yalimrudia miguuni."

"Naye akasema ni mimi." Bibi akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Naye akasema, Umulkheir amepata bomba, ameniziba."

Alilia kidogo, bila kelele. Wanyama alifanya analolijua. Aliiacha nyundo kubwa, akatafuta mkobani tindo nyembamba na kinyundo cha vigae, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa birika, akaanza kuipekecha ile saruji kwa upole ambao Nkatha hakuutarajia kwake. Ikatoka vipande vipande. Nyuma yake kulikuwa na uji wa chokaa na mchanga uliolowa. Nkatha aliukomba kwa vidole, mkono ukaingia hadi kiwiko, hadi begani, na harufu ya kisima ikatoka ndani ya ukuta, ya mawe na ubaridi na kutu ya mnyororo.

Maji hayakuja. Wakangoja. Kutoka nje walisikia watu wakianza kupita kichochoroni kuelekea msikitini, makubazi yao yakiburuzika. Nkatha alianza kuogopa. Je, kama ni bure? Kama doa lina sababu nyingine, mvua, paa, chochote, naye amempa bibi huyu tumaini la pili katika asubuhi moja?

Mbali, upande wa pili wa mawe, kikasikika kitu kama mlio wa kapi. Kisha kishindo cha mtungi ukitua kwenye ukingo wa kisima. Kisha kimya kifupi.

Ukuta ukacheka.

Ulianza ndani kabisa, kwa kicheko kidogo cha kooni, ukapanda, kwi kwi kwi, hewa na maji vikisukumana kwenye njia ambayo ilikuwa imesahau kazi yake, halafu maji yakatoka kwa nguvu, yenye matope kwanza, kisha meupe, yakampiga Nkatha kifuani. Wanyama alisema jambo kwa Kiluhya. Bi Umulkheir alikuwa ameshasimama, bila bakora, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka na machozi bado yako shavuni, na Nkatha kwa mara ya kwanza alilisikia lile neno kichwani mwake likiwa na ulimi mahali pake.

Maji yakapungua, yakawa matone. Kule ng'ambo hakuna kilichosogea. Mtu aliyezoea kumimina na kuona maji yakisimama yakinywewa na ukuta taratibu, leo ameyaona yakienda.

Bi Umulkheir akainama. Magoti yale yaliyokataa ngazi yakakubali. Akaweka mdomo kwenye tundu, lakini sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Na alipokuwa anavuta pumzi ya tatu, tundu likasema lenyewe, kwa sauti ya kikongwe iliyopita kwenye mawe ikawa nyembamba kama ya msichana.

"Umulkheir?"

"Labeka, dada."

"Mai yamefika?"

"Yamefika," akasema Bi Umulkheir. "Yamefika, Saadiya. Ni fundi aliyeziba. Wallahi si mimi. Nilikwita."

Kutoka kule ilisikika pua ikipengwa. Halafu ile sauti ikasema neno moja tu, kwa ukali mdogo wa dada mkubwa aliyechoshwa na kungojea.

"Ndoo."

Ndoo ilikuwa pale pale karibu na Nkatha, nyekundu, samaki wakizunguka ndani yake. Hakuigusa. Alitoka birikani maji yakimchuruzika, akaenda kuleta buibui la Bi Umulkheir na sahani yake ya visheti.